Kuandika madhara na makosa ya dawa katika zahanati za Lamu

Daftari la dawa hujazwa mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako. Akishateremka gatini akapanda mashua kurudi Faza au Kizingitini, amekwenda na mambo ambayo hakuna faili litakalokurudishia: saa aliyomeza kidonge, saa mwasho ulipoanza, dawa aliyoongezewa na jirani, na pakiti yenyewe iliyokuwa mkobani mwake. Mwongozo huu ni wa maafisa wa kliniki, wauguzi na watoa dawa wa zahanati na vituo vya afya, wale ambao leo huandika dawa, huitoa kwa mikono yao, na wiki ijayo hukutana na matokeo yake.

Yanayoandikwa ni mambo mawili. Madhara ni pale dawa, hata iliyo sahihi na kwa kipimo sahihi, inapomletea mgonjwa jambo lisilotakiwa: vipele, kuhara, miguu kuvimba. Kosa ni pale jambo lilipokwenda kombo katika kuandika, kutoa, kupima au kumeza dawa, awe mgonjwa ameumia au hakuumia. Kisa kimoja huweza kuwa vyote viwili. Mtu mwenye aleji ya salfa inayojulikana akipewa Septrin, ambayo ina salfa, na ngozi ikatoka malengelenge, hayo ni madhara yaliyozaliwa na kosa, na yaandikwe pande zote mbili. Kosa lililodakwa kabla ya kumfikia mgonjwa nalo liandikwe, kwa sababu kilichokaribia kutokea leo kitatokea zamu nyingine isiyokuwa na mtu makini dirishani.

Daftari na mahali pake

Daftari kubwa la jalada gumu latosha. Piga nambari kurasa zote kwa kalamu kabla ya kuanza, ili ukichanwa ukurasa ijulikane. Upande wa mbele uwe wa madhara, geuza daftari na upande wa nyuma uwe wa makosa. Likae kwenye dirisha la kutolea dawa. Likifungiwa ofisini kwa mkuu wa zahanati, zamu ya usiku haitaandika kitu, na mchana watu watasema wataandika baadaye.

Upande wa madhara chora safu hizi: tarehe na saa ya kuandika, nambari ya mgonjwa, umri, jinsia na uzito, kama ni mjamzito na miezi mingapi, aleji zinazojulikana, kilichoonekana, kilianza lini, dawa zote anazotumia, nambari ya bechi (fungu la kiwandani) na tarehe ya mwisho ya matumizi, hatua iliyochukuliwa, aliishia vipi, na nambari ya ripoti iliyotumwa. Safu ya uzito ndiyo huachwa wazi kuliko zote, na bila uzito hakuna anayeweza kujua kama mtoto alizidishiwa dawa. Mizani iwe karibu na dirisha.

Nafasi ikibana au wagonjwa wakiwa wengi, usikose mambo manne: mgonjwa anayetambulika kwa nambari au herufi za mwanzo za jina, mwandishi wa ripoti, dawa inayoshukiwa, na kilichotokea. Moja likikosekana, ripoti haichambuliki. Manne yakiwepo, mengine yanaweza kufuata kwa simu kesho.

Ukikosea kuandika, pita mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, andika sahihi pembeni, tia saini na tarehe. Usifute kwa wino mweupe. Daftari lenye mafuto halimlindi mtu yeyote.

Mgonjwa akiwa hatarini

Ulimi au midomo ikivimba, pumzi ikikata au presha ikianguka dakika chache baada ya sindano, hiyo ni aleji kali na haingoji karatasi. Adrenalini ya 1:1000 ichomwe kwenye msuli, ubavuni mwa paja: ml 0.5 kwa mtu mzima, ml 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, ml 0.15 kwa wa miezi 6 hadi miaka 6. Irudiwe baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Wakati mmoja wenu anachoma, mwingine aandike nyakati tatu tu, hata kwenye kipande cha boksi: saa dawa ilipotolewa, saa dalili ya kwanza ilipoonekana, saa adrenalini ilipochomwa. Kipande hicho kiende na mgonjwa kwenye boti, na nakala ibaki.

Hatari nyingine huja polepole. Vipele vinavyouma, malengelenge, macho mekundu na vidonda mdomoni, mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya kuanza dawa, ni dalili za ngozi kuungua kwa ndani. Dawa zinazojulikana kwa hili ni zenye salfa kama Septrin na SP (dawa ya malaria), nevirapini, kabamazepini na alopurinoli. Simamisha dawa, mpeleke hospitali siku hiyo, na uandike kwa wino mwekundu kwenye jalada la kijitabu chake jina la dawa na kilichotokea. "Aleji ya dawa" peke yake haimsaidii atakayempokea mwakani.

Kuuliza

Ukimwuliza mtu "unatumia dawa gani?" atakutajia zile ulizompa wewe. Ripoti ya kitaifa, inayotumwa Bodi ya Famasia na Sumu huko Nairobi, inataka dawa zote za miezi mitatu iliyopita, na kwa mjamzito zile za miezi mitatu ya mwanzo ya mimba. Kwa hiyo uliza kwa upana: "Mamangu, mbali na hizi za hapa, kuna nyingine uliyomeza, uliyopaka au uliyochemsha tangu Rajabu, hata ya dukani, hata ya kupewa na ndugu?" Kisha taja moja moja: sindano za famasia, krimu za kung'arisha ngozi, habasoda, shubiri, mwarubaini, miraa na muguka. Miraa ina uzito wake katika jambo hili. Hupandisha presha, kwa hiyo mtu anayetafuna kila jioni ataonekana kama dawa yake ya presha haifanyi kazi; na ikitafunwa pamoja na ampisilini hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, na amoksilini pia kwa kiwango kidogo.

Uliza kwa uso mkunjufu. Bibi akikaripiwa mara moja kwa ajili ya mwarubaini, safari ijayo ataficha, na utabaki ukilaumu kidonge kisichohusika.

Omba kuona pakiti. Soma jina la dawa, nguvu yake, kampuni, bechi, na unakili herufi kwa herufi. Vidonge vilivyotolewa kwenye kibahasha cha khaki havina bechi, na hapo ndipo ripoti nyingi zinapokatika. Suluhisho ni kuandika bechi kwenye kibahasha wakati wa kutoa.

Andika ulichokiona

Neno "aleji" ni uamuzi wako. Andika kilichokufikisha hapo: "vipele vyekundu vilivyoinuka, vinawasha, kifuani na mgongoni, vilianza saa mbili usiku, masaa mawili baada ya kumeza kidonge cha kwanza, hakuna uvimbe wa midomo, anapumua vizuri." Atakayesoma Nairobi hakumwona mgonjwa. Ana maneno yako tu.

Halafu pima ukaribu wa dawa na dalili kwa maswali manne. Dalili ilikuja baada ya dawa, au ilikuwepo kabla? Muda ulioupata unalingana na dawa hiyo? Ugonjwa wenyewe unaweza kuileta? Dawa iliposimamishwa, ilipungua? Swali la tatu ni gumu kwa malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kukosa hamu ya chakula na unyonge hutajwa kama madhara ya AL, dawa mseto ya malaria, na ndiyo malaria yenyewe. Hapo andika dalili zilizokuwepo siku ya kwanza kabla ya kidonge, na zile zilizozuka siku ya pili na ya tatu. Usimrudishie mgonjwa dawa kwa makusudi ili kuona kama dalili itarudi. Kama alikwisha kuirudia mwenyewe nyumbani na vipele vikarudi, hiyo ni habari yenye thamani kubwa, iandike.

Huhitaji uhakika ili uripoti. Shuku yatosha, na fomu yenyewe inasema kutuma ripoti si kukiri kwamba mhudumu au dawa ndiyo iliyosababisha.

Yako madhara yanayopita bila kutambuliwa kwa sababu yanavaa sura ya ugonjwa mpya. Enalaprili, dawa ya presha, huleta kikohozi kikavu, wakati mwingine wiki au miezi baada ya kuanza. Mgonjwa hupewa dawa ya kikohozi, kisha antibaiotiki, na enalaprili inaendelea. Amlodipini na nifedipini, nazo za presha, huvimbisha vifundo vya miguu, na mgonjwa huongezewa dawa ya kukojoza. Kila unapotaka kuandika dawa mpya kwa dalili mpya, fungua ukurasa wa nyuma wa kijitabu uangalie nini kilianzishwa karibuni.

Metoklopramidi, ya kuzuia kutapika, inastahili kuelezwa kwa urefu. Kwa watoto na vijana hasa, ndani ya siku moja hadi tatu, shingo hupinda upande mmoja, macho hupanda juu na kubaki huko, taya hukaza, ulimi hutoka. Fahamu anazo na anasikia kila kitu. Nyumbani watu hudhani amepandwa na jini, na akapelekwa kusomewa kabla ya kuletwa kwako, au asiletwe kabisa kwa kuwa hali hii huweza kuachia yenyewe dawa ikiisha mwilini. Usibishane na mzee aliyemleta. Mwambie, "Mzee wangu, dua iendelee, nami nitampa dawa ya kufungua misuli hii," kisha uliza alipewa nini cha kuzuia kutapika na lini. Andika kipimo, uzito, saa ya dawa na saa ya kukaza, na uandike pia muda aliochukua kulegea baada ya kutibiwa. Mara nyingi utakuta kijana wa kilo 30 alipewa kipimo cha mtu mzima. Basi geuza daftari, ujaze na upande wa makosa.

Wakati wa kugawa dawa za matende kijiji kizima, homa, kichwa kuuma na maumivu ya korodani siku ya kwanza na ya pili mara nyingi hutokana na minyoo inayokufa mwilini. Waelezeni watu kabla ya kumeza, na muandike vivyo hivyo.

Kutuma ripoti

Fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu ni ya madhara yanayoshukiwa. Fomu ya waridi ni ya dawa yenye ubora wa mashaka. Madhara baada ya chanjo yana fomu yake, na makosa ya dawa yana yake. Zote hutumwa pia kwa mfumo wa bodi wa mtandaoni. Kenya ni mwanachama kamili wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa tangu 2010, na ripoti huunganishwa na za nchi nyingine katika hifadhi iliyoko Uppsala, Uswidi. Ndiyo maana kikohozi kimoja cha Siyu kina faida: kikikutana na vingine kumi vya bechi hiyo hiyo, mtu ataona mchoro ambao zahanati moja haiwezi kuuona.

Tanguliza mazito: kifo, hatari ya kifo, kulazwa au kuongezewa siku wodini, ulemavu, na mtoto kuzaliwa na kasoro. Haya yatumwe siku hiyo hiyo, hata kama fomu ina mapengo. Mtandao ukikosekana, jaza karatasi, ipige picha, itume simu ikishika. Nambari ya ripoti irudi kwenye safu ya mwisho ya daftari. Safu ikiwa tupu maana yake ripoti bado iko mfukoni mwa mtu.

Usiri kwenye visiwa vyetu unahitaji uangalifu zaidi kuliko jijini. Herufi za jina, umri na mtaa, Mkomani au Langoni, zatosha kwa mtu yeyote wa Amu, mji wa Lamu, kumjua mgonjwa. Mtaa usiandikwe kwenye ripoti. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na picha ya fomu isipite kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Kwa fomu ya waridi, kumbuka joto la safari. Insulini ambayo haijafunguliwa na oksitosini hutakiwa nyuzi 2 hadi 8, na zote hupita Mokowe kisha juani kwenye boti. Mama aliyejifungua akiendelea kutokwa damu licha ya oksitosini ya kuizuia, au sukari ikikataa kushuka kwa insulini ile ile, chunguza dawa yenyewe pamoja na mgonjwa. Andika bechi, andika joto la friji la siku hizo, tenga chupa zilizobaki kwenye mfuko wenye lebo "isitumike", na usizitupe mpaka bodi ijibu.

Makosa

Upande huu usiwe na jina la mfanyakazi hata mmoja. Andika kazi yake, "mtoa dawa, zamu ya usiku", na hali ilivyokuwa. Huu hapa mfano wa kisa kilichojazwa vizuri:

"Saa nne asubuhi. Mtoto wa kike, miezi 9, kilo 8. Aliandikiwa parasetamoli ya maji, mg 120 kwa ml 5, apewe ml 5 mara nne kwa siku. Mama ametumia kijiko kikubwa cha kulia, takriban ml 15, mara nne jana na mara moja leo. Kila mara amepata mg 360, sawa na mg 45 kwa kilo. Lebo iliandikwa 'kijiko 1 x 4'. Hakupewa kikombe wala bomba la kupimia. Dawa imesimamishwa, mtoto amepelekwa hospitali kuangaliwa ini, mama ameelezwa."

Hesabu ndiyo roho ya kisa hicho. Kipimo sahihi ni mg 15 kwa kilo, kisichozidi mara nne kwa siku, yaani mg 60 kwa kilo; huyu alipata mg 180 kwa kilo kwa siku moja. Na tazama kwamba hakuna palipoandikwa "mama hakufuata maagizo". Maagizo yalisema kijiko, na vijiko nyumbani ni vya aina mbili.

Ukubwa wa kosa hupangwa kwa herufi A hadi I. A ni hali inayoweza kuzaa kosa, kama chupa mbili zinazofanana rafu moja. B limedakwa kabla ya kumfikia mgonjwa. C limemfika bila kumdhuru, D limehitaji aangaliwe kwa karibu. E amedhurika kwa muda, F amelazwa, G amepata dhara la kudumu, H ameokolewa kutoka kifoni, I amefariki. Zahanati inayoandika A na B kwa wingi inafanya kazi nzuri.

Makosa yanayojirudia yana sababu zinazojulikana. Majina yanayofanana: metformini na metronidazoli, klorofeniramini na klopromazini, kabamazepini na kabimazoli. Herufi U ya yuniti za insulini, ambapo 4U husomwa 40. Andika neno zima. Nukta: 5.0 husomwa 50, na .5 husomwa 5. Andika 5 na 0.5. Amoksilini ya maji ya mg 250 kutolewa mahali pa ile ya mg 125, kwa ml zile zile. Kampuni kubadilika, kidonge cha presha kikawa cha rangi nyingine, na mzee akameza cha zamani na kipya pamoja akidhani ni dawa mbili. Kliniki ya wajawazito, foliki asidi ya mg 5 kutolewa pamoja na SP. Kipimo hicho hudhoofisha SP, ile ya mg 0.4 haina neno. Na mama aliye kwenye Septrin kila siku hapewi SP kabisa.

Mgonjwa aambiwe siku hiyo hiyo, na aliye mkubwa zamuni ndiye aseme: "Bi mkubwa, kidonge tulichokupa jana hakikuwa chako. Kosa ni letu. Kinaweza kukuletea usingizi mpaka kesho, kwa hiyo usipande punda wala mashua peke yako, na jioni tutakupigia." Andika aliambiwa nini na saa ngapi.

Mwisho wa mwezi wekeni nusu saa, msome daftari zima kwa sauti, na mtoke na badiliko moja linaloshikika: metformini ihamishwe rafu, bomba la ml 5 litolewe na kila chupa ya mtoto, taa ya betri iwekwe dirishani kwa zamu za usiku umeme unapokatika. Andikeni badiliko chini ya mstari, na tarehe. Mwezi ukipita bila kisa hata kimoja, muulize kila mgonjwa wa dawa za kudumu dirishani, kwa siku mbili, kama kuna kilichombadilika tangu aanze.

Shaaban ikiingia, toeni orodha ya wagonjwa wa sukari wanaotumia glibenklamidi au insulini. Anayemeza glibenklamidi wakati wa daku atafika alasiri sukari ikiwa chini, akitetemeka na jasho jembamba, na watu watasema ni saumu. Kila mmoja aitwe, afisa wa kliniki apitie kipimo na saa zake, kipimo kikubwa kihamie futari inapofaa, na aambiwe kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue hapo hapo. Andikeni kipimo kipya kwenye kijitabu chake kwa maneno "futari" na "daku", kwa kuwa "asubuhi" na "jioni" mwezi huo hazimwambii ameze saa ngapi.